Mgongo Umejaa: Kumsaidia Mtoto Kusema ya Moyoni kwa Mkaa, Rangi na Udongo

Msichana mmoja wa miaka minne na nusu, katika darasa la awali nililokuwa nikifundisha, alianza kuuma wenzake. Hakuwa mtoto wa ugomvi. Alikuwa mpole, akija na karanga zake lazima zizunguke mkeka mzima. Ghafla, ndani ya wiki mbili, watoto watatu walikwenda kwao na alama za meno mikononi. Tulimwonya, tukamketisha peke yake, tukamfundisha kuomba radhi. Radhi aliomba, na kesho yake akauma tena. Kila tulipomuuliza, "Kwa nini unauma wenzio, mama?" aliinamisha kichwa akanyonya kola ya sare yake.

Siku moja nilitandika mkekani karatasi ya kalenda iliyokwisha mwaka wake, upande mweupe juu, nikaweka vipande vya mkaa. Nikaketi kando yake nikishona kifungo. Sikumwambia achore nini. Alichora duara kubwa lenye miguu miwili mirefu. Ndani ya duara lile akachora duara dogo, kisha akalizungushia mistari, mistari juu ya mistari, mpaka mkaa ukakatika mkononi. Hapo nikatambua: ni mbeleko. Nyumbani kwao kulikuwa na mtoto mchanga wa mwezi mmoja. Baada ya hapo akaigeuza karatasi, na upande wa pili, katikati ya tarehe, akachora kiduara kidogo kama punje ya mtama.

Nilitaka sana kuuliza, "Na huyu nani?" Nikajizuia. Nilipiga mishono mitatu au minne hivi, naye akasema mwenyewe, bila kunitazama: "Mgongo umejaa."

Wiki mbili za maswali yetu hazikupata jibu hilo. Lilikuja kwa kipande cha mkaa na mtu mzima aliyenyamaza. Tangu siku ile nimeshika jambo moja, nalo ndilo ninalotaka kukuachia wewe mzazi, mlezi au mwalimu: mchoro wa mtoto ni mkeka anaotutandikia tuketi naye. Tukiugeuza kuwa mtihani wa kusahihisha, au fumbo la kufumbua, ataukunja na kuondoka.

Mkono hutangulia ulimi

Swali la "kwa nini" ni zito. Linamtaka mtoto ajue anachohisi, ajue kimetoka wapi, na awe na maneno ya kukieleza mbele ya mtu mzima aliyekasirika. Wangapi kati yetu wakubwa tunaliweza hilo? Mtoto wa miaka mitatu au minne hisia anazo zote, na zina nguvu kama zetu. Anachopungukiwa ni maneno. Kwa hiyo mwili humsemea: anauma, anakojoa kitandani, anagoma kula, tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule.

Lugha yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Kiswahili hakiziachi hisia zielee hewani; kinazipa makao mwilini. Mwenye huzuni ana moyo mzito. Mwenye wivu roho inamuuma. Mwenye wasiwasi yuko tumbo joto. Mwenye hasira damu inamchemka. Mtoto anayesema "tumbo linaniuma" siku ambayo baba amesafiri huenda hadanganyi hata kidogo. Anasema kwa njia ambayo wahenga wake walisema.

Tena si geni kwetu kusema kwa picha na nguo lile ambalo mdomo unalionea haya. Mwanamke wa pwani akiwa na neno na jirani, au na wifi, au na mume, anaweza kulivaa kwenye kanga akapita nalo kibarazani, na mlengwa akaelewa bila kutajwa. Mtoto mwenye karatasi anafanya hivyo hivyo. Analiweka jambo mbele yetu bila kulazimika kututazama machoni.

Mchoro ukishakuwepo, neno hupata pa kushika. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima walioonyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu. Walipochagua neno la kuitaja hisia waliyoiona, sehemu ya ubongo inayopiga mbiu ya hatari ilipunguza kasi yake. Kuitaja hisia kwa jina lake ni kuitia mkononi. Mpe mtoto majina hayo, na mpe mengi, kwa kuwa "vizuri" na "vibaya" hayatoshi: furaha, huzuni, hasira, woga, wivu, aibu, upweke, hamu. Mfundishe pia yale ya nyumbani: kununa, kususa, kudeka, kusononeka. Mtoto aliyesusa chakula hajakataa chakula. Ameumia na anangoja kubembelezwa. Akijua kwamba hali hiyo ina jina, siku moja atasema "nimesusa" badala ya kumwaga sahani.

Jua anachoweza kwa umri wake

Wazazi wengi hukata tamaa mapema kwa sababu wanatazamia picha, naye mtoto bado yuko kwenye mistari. Kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu, mtoto anakoroga tu. Mkono unakwenda mbele na nyuma, unazunguka, unadonoa karatasi. Usiseme "hajachora kitu". Mkorogo wa mtoto aliyetulia na wa mtoto aliyekasirika hutofautiana kwa nguvu na kasi, na hisia imo katika mwendo wenyewe.

Karibu na miaka mitatu au minne mistari hujifunga ikawa duara, na duara likaota miguu. Huyo ndiye mtu wa kwanza: kichwa kikubwa, miguu, basi, mfano wa kiluwiluwi. Rhoda Kellogg, mwalimu wa watoto wadogo huko San Francisco, alikusanya takriban michoro milioni moja ya watoto, na aliona maumbo yaleyale ya mwanzo yakijirudia kwa watoto wa nchi mbalimbali. Mwanao hajachelewa, yuko njiani pamoja na watoto wote wa dunia.

Kuanzia miaka mitano hivi huja nyumba, jua, mti na mstari wa ardhi. Katika umri huu ukubwa mara nyingi hufuata uzito wa jambo. Mbwa aliyemkimbiza jana anaweza kuwa mkubwa kuliko nyumba, na mkono uliompiga ukawa mrefu kuliko mwili wenye mkono. Anachora anavyoona moyo, na hapo usimsahihishe.

Vifaa viko jikoni na uani

Usingoje kupata fedha za boksi la rangi. Mkaa uliozimika unachora vizuri kuliko penseli nyingi, kwa sababu unaitika: ukikandamiza unatoa weusi mzito, ukipapasa unatoa kivuli. Manjano kijiko kimoja kwa maji kidogo inatoa njano kali. Rozela iliyochemshwa inatoa wekundu wa damu ya mzee. Jani bichi la kisamvu au la mchicha likisuguliwa juu ya karatasi linaacha kijani. Udongo mwekundu, majivu na chaki vitakamilisha. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, au unyoya wa kuku, au kidole chenyewe. Karatasi ni nyuma ya kalenda, ni boksi la sabuni lililopasuliwa, ni mfuko wa khaki wa sukari. Na kama hakuna hata hicho, uwanja uliofagiwa na kijiti vinatosha. Mchanga una faida yake, kwani mtoto akitaka kulifuta jambo analifuta kwa kiganja.

Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli na vipande vya mbao za viwandani, vitu vilivyokuwa karibu naye, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Mfuate katika moyo huo, ila katika rangi usimfuate. Rangi za mafuta za chuma na za ukuta si za watoto: mvuke wake unadhuru, na baadhi zina madini ya risasi ambayo hudhuru ubongo unaokua. Chokaa ya kujengea nayo huchoma macho na ngozi, tumia chaki.

Namna ya kukaa naye

Keti chini, usawa wake. Shika kazi ndogo ya mkono: chambua mchele, suka ukili, shona. Mtoto anayetazamwa uso kwa uso huona anahojiwa; mtoto aliyeketi ubavuni mwa mtu mwenye shughuli zake husema. Dakika kumi na tano zinatosha kwa mdogo, ishirini kwa wa miaka sita. Siku mbili au tatu kwa wiki, mahali palepale, wakati uleule, ni bora kuliko siku moja ndefu ya mwezi.

Chunga maneno yako. Badala ya "Umechora nini?", ambalo linamwambia kwamba hukuelewa, sema, "Niambie habari za picha yako." Badala ya "Nzuri sana!", ambayo inamfundisha kuchora ya kukupendeza wewe, taja unachokiona: "Naona hapa umekandamiza mkaa kwa nguvu," au "Huyu umemweka mbali na wengine." Kisha nyamaza. Hesabu polepole mpaka kumi moyoni. Mara nyingi jibu huja kwenye saba au nane, pale ambapo wengi wetu tumeshakata shauri na kuuliza swali la pili.

Akianza kulia, tusikimbilie "nyamaza". Mwambie, "Naona imekuumiza. Nipo hapa." Akitaka kuichana picha, mwache aichane; huenda ndiyo kazi aliyoiitia karatasi. Usimshike mkono kumwonyesha jinsi ng'ombe anavyochorwa. Usipange washindi, wala usitoe zawadi ya mchoro bora. Na akimaliza, muulize, "Tuiweke wapi?" Anaweza kutaka ibandikwe ukutani, ifichwe chini ya godoro, au apewe bibi. Ni siri yake. Kuipiga picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu wakacheka, ni kumfungia mlango uliokuwa umeanza kufunguka.

Zaidi ya yote, usijifanye mganga wa kusoma michoro. Nimesikia watu wakisema rangi nyeusi ni msiba, nyekundu ni hasira, nyumba isiyo na mlango ni upweke. Picha ya yule msichana wangu ilikuwa nyeusi yote kwa sababu mimi nilimpa mkaa mtupu. Ningeyaamini hayo ya rangi, ningetafuta msiba usiokuwepo na kuukosa mgongo uliojaa. Mwenye ujuzi wa mchoro ni mmoja tu, naye ndiye aliyeuchora.

Mazoezi sita ya kuanzia

*Ramani ya mwili.* Hili linawafaa watoto wa miaka minne na kuendelea. Unganisha maboksi mawili makubwa, mlaze mtoto juu yake, mzungushie mkaa kuanzia kichwani hadi miguuni. Watoto hucheka sana mkaa unapopita kwapani, na kicheko hicho ni mwanzo mzuri. Kisha muulize, "Hasira yako hukaa wapi? Ina rangi gani? Ya moto au ya baridi?" Apake mahali hapo. Siku nyingine woga, siku nyingine furaha. Mvulana mmoja alipaka woga kwenye nyayo, rangi ya tope. "Miguu yangu haitaki kwenda," alisema. Tulikuwa tukimwita mvivu wa kuja shule.

*Udongo wa kufinya.* Kwa hasira sijaona kitu kinachoshinda udongo. Karatasi inachanika na kalamu inavunjika, lakini udongo unapokea kipigo na kubaki udongo. Chukua wa mtoni au wa kichuguu, uloweke, uondoe mawe. Mtoto aukande, aupige, auchane, autoboe. Sheria ziwe tatu na azijue: hatumpigi mtu, hatujipigi wenyewe, hatuvunji cha mwenzetu. Baada ya dakika chache utaona mikono ikilegea, na kipigo kikigeuka ufinyanzi: bakuli, ng'ombe, mtoto. Ukikosa udongo mzuri, changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha chumvi, tia maji kidogo kidogo yasizidi kikombe, na kijiko cha mafuta. Mwambie asiule, kwa kuwa chumvi ni nyingi.

*Hali ya hewa ya moyoni.* Kila asubuhi, kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, mtoto achore hali ya hewa iliyo ndani yake: jua, wingu, rasharasha, radi, upepo wa kusi. Na wewe uchore yako. Mtoto anayemwona mama akichora wingu na kusema, "Leo mama yako ana wingu kidogo, nimechoka," anajifunza kwamba hisia si aibu, na kwamba wingu la mama halikuletwa na yeye. Baada ya wiki zitandazeni zote saba. Ataona kwa macho yake kwamba radi ya Jumatatu haikufika Alhamisi. Masika hupita.

*Kinyago cha pande mbili.* Hiki ni cha miaka mitano hadi minane. Wamakonde hucheza ngoma ya mapiko kwa vinyago, na anayevaa kinyago huweza kutenda asiyoyatenda kwa uso wake. Kata boksi, toboa macho, funga uzi. Upande wa nje mtoto achore uso anaouonyesha watu. Upande wa ndani, unaogusa ngozi yake, achore uso ambao watu hawauoni. Mwambie mapema kwamba upande wa ndani si lazima auonyeshe.

*Kitabu cha aliyeondoka.* Msiba ukiingia, watoto wetu mara nyingi hupelekwa kwa jirani, wakaambiwa bibi amesafiri. Basi mtoto anakaa kumngoja bibi, na kila gari likisimama anakimbilia dirishani. Mwambie ukweli kwa maneno mafupi: bibi amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa lako. Kisha kunjeni karatasi chache, zishoneeni uzi, na kila akimkumbuka bibi achore jambo moja: bibi akitwanga, bibi akimpa ukoko, harufu ya bibi ikiwa anaweza kuipa rangi. Hapa kumbuka methali: kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Mtoto ndiye mfiwa wa karatasi hiyo. Usilie mbele yake kabla hajaanza, na usimharakishe amalize. Siku asipotaka kukifungua kitabu, kikae.

*Kuchora ya mbali.* Kuna wakati mtoto hahitaji kuchora kidonda. Mwaka 2013 Jennifer Drake na Ellen Winner, watafiti wa Marekani, walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa miaka 6 hadi 12. Watoto waliombwa wakumbuke jambo lililowavunja moyo. Waliochora baadaye kitu kingine kabisa walipata nafuu ya moyo kuliko waliochora jambo lile lile. Hilo lilinirekebisha, kwani nilidhani kila mara lazima jambo litolewe nje. Mtoto aliyegombana asubuhi akitaka kuchora pikipiki, mwache achore pikipiki. Anajipumzisha, na kujipumzisha nako ni ujuzi atakaouhitaji maisha yake yote. Mlango wa kusema uwe wazi tu, asisukumwe kuuingia.

Mwalimu wa Terezín

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wenye raha. Nawakumbusha Friedl Dicker-Brandeis. Alikuwa msanii Myahudi, mzaliwa wa Vienna. Desemba 1942 Wanazi walimpeleka kwenye geto la Terezín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Mzigo ulioruhusiwa ulikuwa mdogo. Yeye alibeba vifaa vya kuchorea. Humo ndani, kwenye njaa, maradhi na mabweni yaliyofurika, aliwafundisha mamia ya watoto kwa siri, wakitumia hata karatasi kuukuu zilizokwisha kuandikwa. Hakuwalazimisha kuchora mateso. Walichora maua, vipepeo, meza ya chakula nyumbani kwao, pia waliyoyaona getoni. Aliwataka waandike majina yao kwenye michoro, mahali ambapo watoto hao walihesabiwa kwa namba.

Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa huko. Michoro ya watoto ipatayo 4,500 ilibaki imefichwa ndani ya masanduku mawili, na leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Wayahudi mjini Prague. Wengi wa wachoraji wake hawakunusurika. Edith Kramer, aliyekuwa mwanafunzi wake kabla ya vita, alihamia Marekani na kuwa miongoni mwa waasisi wa tiba kwa njia ya sanaa. Kwa hiyo kazi hii ya kuketi na mtoto na karatasi yake ina sehemu ya mizizi yake kwa mwalimu aliyeifanya hata katikati ya dhiki kubwa. Nasi tuna watoto wa kambi za wakimbizi, watoto waliopoteza nyumba kwa mafuriko, watoto wa nyumba zenye kelele za usiku. Hao ndio wanaostahili kwanza.

Yanayowatatiza wazazi

"Huyu ni wa kiume, mwanamume halii." Nalisikia kila mwaka. Mvulana aliyezuiwa huzuni haachi kuihisi. Anaibadilisha ikawa ile moja aliyoruhusiwa, yaani hasira. Mpe udongo na rangi kama unavyompa dada yake. Baba akiketi naye mkekani mara moja kwa wiki, somo hilo litamfikia bila hotuba.

"Dini yetu haitaki picha za viumbe." Wapo wazazi Waislamu wanaoshikilia hivyo, nami nawaheshimu. Hisia hazihitaji sura ya mtu. Pwani yetu ina hazina ya nakshi: milango iliyochongwa, mikeka ya rangi, hina za maharusi. Mtoto anaweza kuchora hasira yake kuwa mistari iliyovunjikavunjika, utulivu wake kuwa mawimbi, furaha yake kuwa maua na vikuba. Waulize wazazi mapema, na usimweke mtoto kati ya mwalimu na nyumba yake.

"Muda huo angejifunza kusoma." Mkono unaoshika mkaa leo ndio utakaoshika kalamu kesho, na mtoto mwenye donge kooni hasomi hata ukimpa vitabu kumi.

Mchoro ukiwa na hatari ndani yake

Mara chache utakutana na picha itakayokushtua: sehemu za siri zilizochorwa kwa undani usio wa umri wake, mtu mzima yuleyule akirudi kila mara kama tishio, au mtoto akijichora akiwa ameumizwa. Picha moja peke yake si ushahidi. Lakini ikija pamoja na mabadiliko, kama vile kuogopa mtu fulani, jinamizi, kuanza tena kukojoa kitandani, maumivu au majeraha yasiyo na maelezo, usipuuze.

Usimhoji. Usimtajie jina la mtu unayemshuku, kwani mtoto mdogo huweza kulibeba neno lako likawa lake. Sema, "Umefanya vizuri kunionyesha. Si kosa lako. Nitatafuta watu wa kutusaidia." Andika maneno aliyoyasema kama alivyoyasema, pamoja na tarehe, na uitunze picha. Kisha tafuta msaada siku hiyohiyo: afisa ustawi wa jamii, hospitali, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Usiahidi kwamba utaitunza siri hii. Ahidi kwamba hutamwacha peke yake.

Ile picha ya pili

Nilimwita mama wa yule msichana jioni ileile. Sikumwambia kwamba mtoto ana wivu. Nilimwonyesha karatasi pande zote mbili na kumweleza yale maneno mawili. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba tangu ajifungue hajambeba hata mara moja, kwa kuwa "huyu sasa ni mkubwa." Usiku ule, mchanga alipolala, alichukua mbeleko akamfunga binti yake mgongoni, miguu ikining'inia karibu na magoti, akazunguka naye uani mara tatu. Akafanya hivyo kila siku kwa muda. Kuuma hakukuisha siku moja. Kulipungua wiki hadi wiki, kukaisha.

Mwezi wa pili msichana alikuja kuketi kwenye mkeka bila kuitwa. Safari hii nilikuwa na manjano na rozela. Alimchora mama, duara kubwa lenye miguu mirefu, na juu yake madonge mawili, moja kila upande, kila moja lina mtoto wake na mbeleko yake. Akanisogezea karatasi.

"Mama ana migongo miwili," akasema.

Ulimi ulinisogea tena. Nilitaka kumwambia kwamba mtu ana mgongo mmoja. Nikaokota sindano yangu, nikaendelea kushona.

Picha aliiomba aende nayo nyumbani.